Spindo ya milango ya kabati: jua kwanza utaivalisha visu gani

Ndugu mmoja wa Arua ameniuliza hivi, nimefupisha kidogo: "Mzee shikamoo. Nina karakana ndogo, tuko watu wanne, tunatengeneza makabati ya jikoni ya mbao, kwa mwezi milango kama 30 mpaka 40. Mpaka leo tunatumia ruta tuliyoifunga chini ya meza ya plaiwudi na sasa imeanza kutoa moshi. Kampala nimeona spindo mbili. Moja mpya ya China, hp 3, fezi moja, spindo yake inchi robo tatu. Ya pili kuukuu ya Ulaya, nzito sana, spindo milimita 30, hp 5.5, fezi tatu, rangi imeisha yote, na muuzaji anataka karibu bei ileile. Kwangu nina umeme wa fezi moja tu. Nichukue ipi?"

Marahaba ndugu yangu. Kwa wasiojua, spindo ni mashine ya meza yenye fimbo ya chuma iliyosimama katikati inayozungusha kisu, na fimbo yenyewe nayo tunaiita spindo; ruta ni mashine ndogo ya mkono ya kuchonga. Nakujibu kabisa alafu ndio nieleze sababu. Kama ile kuukuu spindo yake haijapinda na bodi haina ufa, chukua hiyo, mota yake uiweke pembeni ufunge ya hp 3 na inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa fezi moja uwe fezi tatu. Kama spindo imepinda achana nayo hata wakikukatia nusu ya bei, chukua ya China, ila kwa masharti nitakayokwambia.

Sasa tuanze na mlango wenyewe, maana naona vijana wengi wanaanza na mashine, wanalipa, wanafika nyumbani ndio wanatafuta visu vya kuingia humo na hawavipati. Mlango wako nadhani ni ule wa fremu na paneli: mbao mbili za kusimama, mbili za kulala, katikati paneli iliyochongwa kingo. Hapo spindo ina kazi tatu tu. Inachonga vichwa vya mbao za kulala ili vikae kwenye umbo la zile za kusimama, inachonga ubavu wa ndani wa mbao zote nne ukatoka urembo na gruvu, yaani mfereji wa kuingiza paneli, kwa mpigo mmoja, alafu inachonga kingo za paneli. Hizo mbili za mwanzo ni kazi nyepesi, kisu kinaingia kama milimita 10 basi. Ya tatu ndiyo iliyoichosha ruta yako, kwa sababu kisu cha paneli kinakula upana wa sentimita 3 na kitu, tena upande wa vichwa vya mbao ambako ni kugumu kuliko pote.

Na moshi sio tatizo kubwa la hiyo ruta, tatizo ni spidi. Ruta nyingi bila kupunguzwa zinazunguka kama mara 22,000 kwa dakika. Chukua biti ya paneli ya inchi 3 na nusu, ni milimita 89, izungushe hivo, ncha yake inakimbia zaidi ya mita 100 kwa sekunde. Kisu tunachokilisha kwa mkono tunataka kiwe kati ya mita 40 na 70 kwa sekunde. Kikienda polepole chini ya 40 kinagonga mbao badala ya kuikata na mbao inarudi kwako kwa nguvu, kikipita 70 unakaribisha kisu kupasuka. Hesabu yake andika ukutani: kipenyo cha kisu kwa mita, mara 3.14, mara mizunguko ya dakika moja, gawa kwa 60. Kisu cha milimita 120 kwenye spidi 7,000 kinatoa mita 44, safi. Bloku, kile kichwa cha chuma kinachofungwa visu vya kubadilisha, ya milimita 160 kwenye 6,000 inatoa 50, safi pia. Ukiiweka hiyo ya 160 kwenye 10,000 unapata karibu 84, na hapo mimi natoka nje ya karakana. Kwa hiyo ukienda dukani usiulize hp peke yake, uliza spidi ngapi na unabadilishaje mkanda kwenye puli, alafu fungua mlango wa mashine uone kama mkono wako unafika kwenye huo mkanda bila shida, maana usipofika hutaubadilisha na utakuwa unakata kila kitu kwa spidi moja.

Hapohapo angalia kibati cha mota kama kimeandikwa 60 Hz. Umeme wetu ni 50. Mashine iliyotengenezwa kwa 60, zile za Marekani hasa, hapa kwetu inapoteza sehemu moja ya sita ya spidi, waliyokuandikia 10,000 unapata kama 8,300, tena mota inapata joto kuliko ilivyopangiwa. Sio kwamba haifai, ila hesabu zako zote lazima uzifanye upya.

Tuje kwenye unene wa spindo, hapa ndipo roho yangu ilipo. Inchi robo tatu ni milimita 19. Ukilinganisha na 30 kwa macho unaona tofauti ya kidole, lakini kwa urefu uleule fimbo ya chuma ya milimita 30 ni ngumu kupindika zaidi ya mara sita kuliko ya 19. Unaliona wapi hilo? Unaliona kwenye paneli ya mugavu au ya mahogani. Kwenye spindo nyembamba kisu kikifika kwenye kichwa cha mbao kinatetemeka kidogo sana, mkono hausikii, lakini ukiweka vanishi mwanga wa dirisha ukipiga pale unaona mawimbi madogomadogo kama bati la nyumba. Kijana wako atayapiga msasa nusu saa kila mlango. Milango 40 hiyo ni masaa 20 kwa mwezi ya msasa, na urembo unapoteza kona zake.

Spindo nyembamba ina uzuri wake na sitaki niifiche. Visu vya robo tatu vinauzwa kwa seti, cha vichwa, cha ubavu na cha paneli, vimelingana tayari, vina ncha za kabaidi, ile ngumu kuliko chuma cha kawaida, unafungua boksi unafanya kazi. Kwa paini na musizi vinatosha kabisa. Ya milimita 30 mara nyingi unanunua bloku na visu vya kubadilisha, gharama ya kwanza inauma, lakini bloku moja inakubali maumbo mengi na kisu kikivunjika unabadilisha jozi, hutupi kitu kizima.

Kuna mtego mmoja ambao umeumiza watu. Kuna visu vya tundu la inchi moja na robo, hiyo ni milimita 31.75. Mtu anaviona vinaingia kwenye spindo ya 30 anafurahi. Vinaingia ndiyo, lakini vina nafasi ya karibu milimita 2, ukikaza nati kisu kinakaa upande, na kwenye mizunguko 7,000 kitu kilichokaa upande kinaitikisa mashine nzima mpaka kitafute njia ya kutoka. Tundu lazima libane spindo lenyewe au upitishe bushi, pete ya chuma ya kuziba hiyo nafasi, iliyokerezwa sawasawa. Usifunge karatasi wala bati la kopo. Nasema hivyo kwa sababu nimeona bati la kopo.

Na ukichukua ile ya Ulaya muuzaji huenda akakupa kama zawadi bloku za zamani za pembe nne, zile visu vinabanwa na bolti mbili tu. Pokea, alafu uza kama chuma chakavu. Mwaka wangu wa pili kazini bwana aliyenifundisha alikuwa anachonga fremu za milango kwa bloku ya namna hiyo, kisu kimoja kikachomoka, sikukiona kikiruka, nilisikia mlio kama mtu kapiga sufuria na nilipotazama juu kulikuwa na mpasuko kwenye bati, mwembamba, urefu wa kidole, mwanga wa jua unaingia. Alikuwa amesimama hatua moja kulia ya pale. Leo nataka bloku ya mviringo, yenye pini zinazoingia kwenye kisu na vizuizi vinavyofanya kisu kitokeze kidogo tu, milimita 1 na kidogo, hata mkono ukiteleza hakikuvuti ndani. Zile za Ulaya zilizotengenezwa kwa kulishwa kwa mkono zimegongwa herufi MAN ubavuni, za fida peke yake, yaani kifaa cha kusukuma mbao badala ya mkono, zimegongwa MEC. Tafuta MAN. Na ukichongesha visu kwa fundi wa kunoa, ukivirudisha pima kila jozi kwenye mzani mdogo wa dijitali, uzito uwe sawa kabisa, kisu kimoja kikiwa kizito beringi ndizo zitalipa.

Niongeze kitu kwa sababu wewe uko Arua na najua mvule inakufikia. Mvule ina mawe. Ndani ya mbao mti wenyewe unaweka chokaa ngumu, haionekani kwa nje, wakati mwingine kuna rangi nyeusinyeusi kando yake na wakati mwingine hakuna dalili yoyote. Kisu cha chuma cha kawaida kikikutana nalo kinaisha makali palepale, cha kabaidi kinamegeka ncha. Kwa hiyo kwa mvule pitisha mbao kwenye plena na thiknesa, mashine za kunyoosha mbao na kuipa unene mmoja, kwanza, kila uso uonekane, na jiwe ukiliona ukate hapo. Pia nyuzi za mvule zinapanda na kushuka, ukila yote kwa mpigo mmoja inang'oka vipande, gawa mara mbili au tatu na mpigo wa mwisho ule milimita 1 tu. Na vumbi lake linasumbua kifua na ngozi, nina mfanyakazi mmoja mvule ikichongwa macho yanavimba, vaeni barakoa za kweli na tafuta namna ya kuvuta vumbi nyuma ya fensi, ule ukuta wa mezani wa kuegemeza mbao.

Haya, umeme. Hapa usiniruke.

Ile hp 5.5 ni kilowati 4. Watu watakwambia nunua inveta, inaingia fezi moja inatoka fezi tatu, mambo yameisha. Ni kweli inafanya hivyo, lakini inayotoka ni fezi tatu za volti 240, sio 415. Sasa nenda kwenye kibati cha mota usome. Kikiandikwa 230/400, fundi umeme anaweza kuifunga delta, namna mojawapo ya kuunganisha waya za mota, ikafanya kazi kwa hizo 240. Kikiandikwa 400/690, na mota za ukubwa huo nyingi ndivyo zilivyo, hiyo delta yake inataka 400, ukiipa 240 itazunguka lakini haina nguvu, ukiibana na mbao ya mahogani itanguruma na kuchemka mpaka iungue. Kijana wa duka la inveta huenda asikwambie hili, na inveta ukishaifunga hairudishwi.

Ndio maana nikasema weka mota ya hp 3, kilowati 2.2, fezi tatu, kibati 230/400, na inveta ya saizi yake. Angalia spidi ya mota mpya ifanane na ile ya zamani, kama ilikuwa ya 2,800 na kitu tafuta ya 2,800 na kitu, la sivyo puli zote zinabadilika hesabu. Hp 3 inatosha milango yako 40? Inatosha, na inabaki. Paneli unaigawa mipigo miwili mitatu basi. Faida nyingine ya inveta ni kwamba mota inaanza polepole, maana mota ya fezi moja ukiiwasha tu inavuta mara tano mpaka saba ya umeme wake wa kawaida, na kwenye laini dhaifu taa za mtaa mzima zinafifia na kapasita za mota zinakufa mapema. Kama utachukua ya China ya fezi moja hilo ndilo sharti la kwanza: laini yake ya peke yake kutoka kwenye breka, waya mnene, hakuna kuchomeka kwenye ekstensheni iliyobeba na pasi. Sharti la pili, muulize muuzaji kama kuna spindo ya kubadilisha, inchi moja au milimita 30, mashine nyingi ndogo zinakubali, na ikiwepo lipia hapohapo.

Siku ya kwenda kuiangalia ile kuukuu, usiende na pesa yote mfukoni na usiende jioni. Beba rula ndefu ya chuma iliyonyooka, tochi na geji ya saa ya kupimia, kama huna azima kwa mtu wa kerezo. Toa mkanda. Zungusha spindo kwa mkono ukiwa umeegesha sikio karibu. Beringi nzima haina sauti karibu kabisa, mbovu inasaga kama mchanga ndani ya meno. Beringi mbovu lakini isikukimbize, namba yake imeandikwa ubavuni, kitu kama 6206 au 6208, zinapatikana na bei yake ni ndogo. Kinachokimbiza ni spindo yenyewe. Egesha geji kwenye sehemu laini ya spindo, zungusha taratibu, sindano ikicheza milimita 0.03 au 0.04 nzuri, ikicheza 0.10 na kupanda imepinda au imeliwa. Jaribu tena juu karibu na nati. Alafu ipandishe mpaka juu na uishushe mpaka chini, isikwame njiani. Weka rula mezani kwa kukatiza pembe na umulike tochi nyuma yake. Chunguza kwa vidole chini ya meza kuzunguka lile tundu, ufa unaanziaga pale, na mtu anaweza kuuziba kwa rangi juu lakini chini huwa hapaki. Ukimaliza omba waiwashe dakika 10, weka kiganja kwenye nyumba ya beringi. Vuguvugu ni sawa, ukishindwa kushikilia mkono hapo waambie wazime.

Rangi iliyoisha usiitazame kabisa.

Uzito wa ile mashine ni mali, sio mzigo, mbali na ile siku ya kuipakia kwenye lori. Ipo siku utanunua fida, ile inayosukuma mbao yenyewe kwa magurudumu, na nakuomba iwe mapema, ikiwezekana mwaka huuhuu. Fida ya kawaida peke yake ina kama kilo 50 na zaidi, inaning'inia upande mmoja wa meza, meza nyepesi inayumba nayo. Mbao inakuja kwa mwendo mmoja, haisimami katikati kuacha alama ya moto, na vidole viko mbali. Mtu akiniambia ana pesa ya mashine kubwa bila fida au mashine ya wastani na fida, namwambia ya pili bila kufikiri.

Vichwa vya mbao za kulala fida haivifanyi, hivyo vinataka sledi. Ubao wa plaiwudi ya milimita 12, juu yake kizuizi cha digrii 90 na klampu mbili za kubana, nyuma ya mbao kuna kipande cha kuegemea ili kisu kikitoka kisibomoe nyuzi. Chonga vichwa kwanza, ubavu baadaye, kwa sababu pakimegeka kidogo kwenye kona mpigo wa ubavu unapasafisha. Paneli vilevile, anza na pande za vichwa, malizia za nyuzi ndefu. Na paneli uilaze uso chini, kisu kiwe chini ya mbao, hapo mbao ikiinuka inatoka kwenye kisu na kisu hakiingii ndani zaidi, tena kisu chenyewe kimefunikwa. Kwa baadhi ya visu itabidi ukipindue na mota izunguke upande mwingine, kwa hiyo nataka swichi ya kwenda na kurudi, na juu ya kisu iwekwe washa, kipete cha chuma, yenye jino linaloingia kwenye mfereji wa spindo ili nati isilegezwe na mzunguko wa kinyume. Kabla ya kuwasha, kila mara, tazama makali yanaelekea wapi na mbao itokee upande wa kupingana nayo. Ukiipitisha mbao kwa kufuata upande kisu kinakozunguka, kitainyakua mbao, na mkono ulioishika.

Vipimo kidogo kwa sababu najua utaniuliza. Mlango wa upana milimita 400, mbao za kusimama upana 60, urembo wa kina 10. Mbao ya kulala ni 400 toa 120 ongeza 20, ni 300. Paneli upana ni ileile 300 toa 3 za kupumulia, ikatwe 297, na isitiwe gundi kwenye gruvu hata tone, mbao zetu zinavimba msimu wa mvua na zikikosa pa kwenda fremu inafunguka kona. Ukishapata seti inayokaa vizuri, chonga kipande cha urefu wa kiganja kwa kila kisu, kiandike, kifunge pamoja na kisu chake kwa kamba. Siku nyingine unakisogeza kwenye kisu, unapandisha spindo mpaka vikutane, dakika tano umeanza kazi.

Kitu cha mwisho, hukuniambia kama una thiknesa. Kama huna, ndugu yangu, hii pesa anzia huko. Mbao ikiwa 20 mwanzo na 22 mwisho hakuna spindo ya nchi yoyote itakayokutolea kona iliyolingana, na visu vyote hivi vinapima kuanzia uso wa mbao. Na ile ruta usiiuze, ibadilishe kaboni, ibaki na kazi ya kuvunja kingo na tundu za bawaba.

Nipigie picha ya kibati cha mota ya ile kuukuu kabla hujatoa hata shilingi ya kushikia, na picha ya pili ya spindo ikiwa imepandishwa mpaka juu, kofia ya nati imetolewa ili nione ridhi zake, ile mistari ya kufungia nati.